Nani Anaogopa? Maisha ya Yaya Déo, 1986–2025

Padri wetu, wazee, mama zetu, na ninyi wamotari mlioacha pikipiki zenu pale barabarani: mimi ni Marguerite, mdogo wa marehemu, kaka mkubwa niliyemwita Yaya. Wazee wameniomba nisome maisha yake bila kutetemeka. Nitatetemeka. Yeye mwenyewe asingeniomba kitu kama hicho.

Déogratias Kalumba Amisi alizaliwa Wamaza tarehe 14 Machi 1986, kifungua mimba wa Papa Dominique Amisi, aliyetutangulia, na Mama Marie-Thérèse, aliyeketi hapa mbele. Alikuwa mtoto mwoga. Tuseme tu, maana kifo hakimgeuzi mtu kuwa simba. Penye mto wenzake waliruka majini, yeye alibaki ukingoni akiuliza: jana maji yalifika wapi? Leo nani amekwisha pita? Papa alimcheka siku moja mbele ya wageni, na Mama akamkatiza: “Muache mutoto wangu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.” Tangu hapo hakuna aliyemcheka tena, walau si mbele ya Mama.

Alisoma shule ya msingi Wamaza na sekondari hapa Kasongo, akapata diploma ya serikali mwaka 2005. Mwaka uliofuata alikwenda Bukavu kusomea informatiki, akamaliza 2011. Likizo moja alirudi na kompyuta yake ya kwanza, ameifunga ndani ya vitenge viwili vya Mama, na ole wake aliyeisogelea na kikombe cha chai! Hata padri aliambiwa aweke kikombe chini.

Tarehe 20 Julai 2013 alifunga ndoa na Laetitia, katika parokia hii hii. Baba mkwe alipomuuliza kama ataweza kumtunza binti yake, alijibu, “Papa, ninaogopa sana, lakini nitajaribu.” Ukumbi mzima ulicheka. Laetitia anasema ndipo alipojua kwamba mtu huyu hatamdanganya. Mungu aliwajalia Baraka na Malaika.

Kule Bukavu aliandika programu miaka mitano katika kampuni moja ambayo shefu wake alijua kupiga kelele tu. Kosa likitokea, lilisukumwa mlango kwa mlango mpaka limpate mdogo asiye na wa kumtetea. Yaya alichoka, akarudi Kasongo. Mwaka 2019, katika chumba kilicho nyuma ya jiko la Mama, alianzisha Njia Leo pamoja na vijana watatu: Yves, Plamedi na Faida. Wamotari mnaijua. Mimi ndiye mpokea simu: watu wetu wa vijijini wananipigia asubuhi, wananiambia kama daraja limesimama, kama bunduki zimesikika. Programu inapeleka ujumbe kwenye simu zenu: inapitika, au haipitiki. Maneno ni hayo tu, na juu ya maneno hayo mtu anapakia mke wa mwenziwe na kuondoka.

Novemba 2021, mmoja wa vijana wetu alibadili kitu katika programu, na ujumbe wa jana ukatoka tena kama wa leo. Inapitika. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na mto wa karibu na Wamaza ulikuwa umejaa. Atumani, huyu mmotari mnayemwona pale, aliingia majini na abiria wake, mama mmoja. Atumani alitoka. Yule mama hakutoka.

Yaya Déo aliogopa. Nilimwona. Kisha akapanda pikipiki, akaenda peke yake kwenye matanga ya watu waliofiwa na mtu wao. Kaka wa yule mama alimkamata shati. “Nani alifanya hivi?” Yaya akasema, “Ni mimi, Déo.” Si yeye. Sisi wanne tunajua ni nani, na hamtalisikia jina hilo kwangu. Walimketisha chini mbele ya wafiwa, kila aliyeingia akamtazama usoni, naye hakuinuka mpaka walipozika.

Aliporudi tulingoja kelele. Hakupiga. Alimuuliza tu yule kijana, “Hukuona kitu?” Kijana akasema, “Niliona, shefu. Niliogopa kuonekana mujinga.” Kuanzia siku ile kila ujumbe ulimalizika na maneno “Ni mimi, Déo,” ili mwenye kilio ajue aje kubisha mlango gani. Na kila asubuhi, kabla mtu hajagusa mashini, aliuliza: “Nani anaogopa, na anaogopa nini?” Alianza yeye kusema la kwake. Ilikuwa haya kubwa kwa vijana wa kiume, jamani! Yves alijibu kwamba yeye anamwogopa mama mkwe wake tu. Tukacheka. Yaya akacheka pia, halafu akasema, “Muzuri. Na kiisha mama mukwe, unaogopa nini?” Yves akainamisha kichwa, akatuonyesha mahali katika kazi yake alipokuwa hana hakika. Siku ile hatukutoa ile kazi, tukairudia.

Mwaka 2023 waganga wa hospitali walimwambia kwamba figo zake zinachoka. Aliogopa, na alituambia. Hata hivyo, tarehe 30 Mei mwaka huu alikwenda Kabambare kuwaona watu wetu wanaopiga simu, na tarehe 2 Juni akaanguka huko. Tulitaka kumleta siku ile ile. Lakini bunduki zilikuwa zimesikika njiani, na ujumbe wetu wenyewe ulisema haipitiki. Wajomba walinifokea: tuma pikipiki, ni ndugu yako! Tulimpigia simu. Kwa sauti ndogo akauliza swali lake lile lile. Plamedi akalia: “Mimi, shefu. Naogopa utafia huko.” Yaya akamjibu, “Hiyo ni ya Déo. Sema ya barabara.” Plamedi akasema ya barabara. “Basi haipitiki,” Yaya akasema, na hakukubali mmotari yeyote aitwe. Njia ilifunguka tarehe 6. Atumani ndiye aliyemleta, amemfunga mgongoni mwake kwa kitenge ili asianguke. Alifariki hapa Kasongo, hospitalini, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa Laetitia. Maneno yake ya mwisho kwetu yalikuwa, “Ninaogopa. Mukae karibu.” Tulikaa karibu.

Tangu Jumatatu hakuna ujumbe uliotoka. Mmeona wenyewe. Programu ni nzima, simu za vijijini zinaingia, lakini chini ya ujumbe panatakiwa jina, na hakuna anayetaka kuliweka la kwake. Wajomba wanasema tufunge. Jana Atumani alikuja matangani akatuambia, “Nimepita leo kwa kusikiliza na masikio tu. Hivi mutatuacha hivi?” Ndipo Mama, aliyesikia swali lile kutoka jikoni kwake kila asubuhi, akasema, “Mbona leo hakuna mutu anauliza?”

Nikauliza mimi. Faida alisema anaogopa mto. Yves alisema anaogopa wenye bunduki. Plamedi alisema anaogopa kuandika na anaogopa kuacha kuandika. Mimi niliwaambia kwamba namwogopa yule kaka aliyeshika shati, maana safari nyingine atashika langu.

Mama, ile methali yako leo imekukosea. Kilio kimekuja kwa mwoga. Lakini wageukie hawa wamotari waliojaa mpaka nje ya ua: miaka hii yote walirudi kwa watoto wao, na kicheko kilikuwa huko kwao.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane Laetitia, watoto wawili, Baraka na Malaika, mdogo wake mmoja ambaye ni mimi, wajomba na shangazi, vijana watatu waliomwita shefu, na Atumani, ambaye familia imemhesabu kuwa ndugu tangu tarehe 6.

Leo saa nane mchana, tukiisha kufunika kaburi, simu zenu zitalia. Msiondoke kabla hamjasoma. Someni mpaka chini, mlitazame jina, na mkumbuke nyumba yangu iko wapi.

Pumzika sasa, Yaya. Umekwisha vuka, hakuna tena cha kuuliza ukingoni. Huku tutauliza sisi.

Ni mimi, Marguerite.