Siku Niliyosema Sielewi

Bwana apewe sifa zake, ndugu zangu, kuanzia viti vya mbele mpaka kwenu akina mama mlioketi nje penye kivuli. Mimi ni Roda, binti wa mzee Yohana wa hapa Iguhu. Nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyoniokoa na kiburi, nami sikujua kwamba ni kiburi. Nilidhani ni akili.

Mnakumbuka mwaka ule baada ya Uhuru nilipofaulu mtihani wa sekondari. Tangu kidato cha kwanza sikuwahi kushika nafasi ya pili. Baba alichinja kuku, akanipa firigisi, imondo yenyewe, mimi msichana, mbele ya wajomba. Shangazi mmoja aliacha kutafuna. Kwetu anayekula imondo ndiye mwenye kauli nyumbani: yeye huulizwa, haulizi. Nikaila, na ile desturi nikaimeza pamoja nayo.

Nikaenda chuo kule Nairobi. Ndugu zangu, shuleni niliamka kwa kengele, nikalala kwa kengele, na mwalimu aliandika ubaoni kila neno la mtihani. Kazi yangu ilikuwa kukariri, na kukariri nilijua. Chuoni hakuna kengele. Mhadhiri aliingia, akaongea saa nzima, akataja vitabu sita, akatoka. Nilingoja aandike ubaoni. Nilingoja wiki tatu!

Insha yangu ya kwanza nilinakili kitabu neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri. Ikarudi imeanguka. Pembeni mhadhiri ameandika: "Haya ni ya kitabu. Wewe unaonaje?" Nilikasirika. Tangu lini mtoto akaulizwa anaonaje? Ya pili ikaanguka, ya tatu pia. Nikaitwa ofisini, nikaambiwa nikianguka mtihani wa mwisho wa mwaka nitarudi nyumbani. Nami nikamwandikia Baba kwamba masomo yanaendelea vizuri. Uongo huo niliubandikia stempu.

Nikafunga, nikamwomba Mungu anibadilishie alama. Hakubadilisha. Mungu wetu si karani wa mitihani.

Jumapili moja tulikuwa kwenye ushirika wa wanafunzi, ambapo kila mmoja huungama linalomlemea. Mmoja aliungama hasira, mwingine wivu. Nikasimama niungame kwamba nilisinzia wakati wa maombi. Mdomo ukasema jingine: "Sielewi wanachofundisha. Tangu nije sijauliza swali hata moja, kwa sababu naona haya." Nikalia mbele za watu.

Kisha akainuka Ester, binti wa wakulima wa mahindi kule Likuyani. Huyu nilikuwa nikimwogopa, maana darasani aliitikia kwa kichwa kila neno la mhadhiri. Akasema, "Dada Roda, hata mimi sielewangi. Mimi natikisanga tu kichwa." Watu wakacheka mpaka kiongozi akasahau kufunga kwa sala. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa wa kwanza kwao!

Kesho yake tulibisha mlango wa mhadhiri. Akauliza ni wapi hasa hatukuelewa. Ester akajibu, "Mwanzoni, mwalimu." Akavuta viti, akaanza mwanzoni. Tangu hapo tulikutana kila Jumatano, kila mtu na swali lake, na aliyekuja bila swali ndiye aliyechemsha chai.

Mtihani nilipita. Nilikuwa wa kumi na moja, na nilifurahi kuliko siku zote nilizokuwa wa kwanza.

Nilipokuja likizo nilimweleza Baba yote, pamoja na ule uongo wa barua. Nilitarajia ghadhabu. Baba alitazama mikono yake, akasema, "Mwanangu, mdogo wako akinisomea barua zako, namwambianga macho yananiuma. Si macho. Mimi sijui kusoma."

Baba yuko pale karibu na dirisha, na amenipa ruhusa niwaambie. Tulianza na a, e, i, likizo ile ile, juu ya meza ya chakula.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu. Nanyi vijana mnaokwenda vyuoni mwezi ujao, msipoteze mwaka kama mimi. Mwaminini Bwana, mwambieni ukweli, kisha mwambieni na aliyeketi kando yenu. Bwana hajamfukuza mtu kwa kutojua. Mlimsikia Baba asubuhi hii akitusomea Zaburi, akikwama kwenye maneno marefu. Wengine mlidhani ni uzee. Ilikuwa Zaburi yake ya kwanza.