Kitako cha Raifo ya Alute

Kijiwe cha nyuma ya soko la Manyoni kina benchi moja la mbao, tairi moja la trekta, na ndoo aliyoipindua Jenifa muuza kahawa kwa ajili ya mgeni yeyote atakayejileta. Jumamosi ile ya Juni upepo ulikuwa unatia vumbi kwenye vikombe, lakini hakuna aliyejali, maana ajenda ilikuwa nzito: raifo ya Alute, bunduki yake ya kuwindia. Kitako chake, yaani ule mti wa nyuma unaokaa begani, kilikuwa kimepasuka, na msimu wa kuwinda ulibakiza wiki mbili ufunguliwe. Mwenye leseni pale ni Alute peke yake, na desturi yao inajulikana: paja la mnyama wa kwanza wa msimu ni la kijiwe. Kwa hiyo usishangae watu wazima kugombea kitako cha mwenzao kama shamba la urithi. Alute mwenyewe alikaa mwisho wa benchi, akimwomba Mungu wasielewane. Aliwaambia bunduki ilidondoka kwenye bodaboda. Uongo mtupu. Aliipasua mwenyewe, kwa makusudi, juu ya jiwe, na hakuna aliyejua, hata mkewe.

— Shemeji yangu anapanda basi la Arusha kesho alfajiri, alisema Miraji muuza nyama, waliyemwita Wakili kwa kuwa pale hajawahi kushindwa kesi. Vitako vya plastiki viko huko. Nimpigie, ndiyo au hapana?

— Plastiki! alifoka Hosea, fundi seremala, jina la kijiweni Mninga. Bunduki siyo beseni, bwana. Mimi ubao wa mninga ninao, umekauka miaka sita. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Sasa nani anayejitembeza kama siyo wewe? Mti ukinyeshewa unavimba. Ukivimba, bunduki inaenda upande. Unalenga swala, unapiga kichuguu.

— Mvua gani? Uliona wapi mvua ya mwezi wa saba Manyoni?

Wakacheka. Alute akacheka nao, kicheko cha kuazima.

— Halafu mti unapokea teke, Hosea aliendelea. Bunduki ikilia, mti unalimeza. Plastiki inakurudishia lote begani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu au bega?

— Vyote!

Chrispin akakohoa. Huyu alistaafu reli, alisimamia geti la kivuko cha reli miaka thelathini, na tangu hapo anaitwa Profesa. Akikohoa, kijiwe kinanyamaza.

— Nyote hamjui kitu. Suala hapa ni harufu. Plastiki ikipigwa jua inatoa harufu, kama tangi la maji. Tandala yuko kilomita mbili, pua inamwambia: hapa kuna kiwanda. Anaondoka zake. Saa hizi ninavyoongea ameshafika Rungwa.

— Si nilisema! Hosea alipiga paja.

— Ngoja, sijamaliza. Na mti nao una mambo yake. Nilimjua mtu wa Ikungi, alikaa kichakani akivizia tangu asubuhi. Alipoinua bunduki, begani hamna kitu. Mchwa wamemaliza kitako chote, wamemwachia chuma.

— Profesa!

— Haba na haba hujaza kibaba. Mchwa hana haraka.

Miraji hakukubali kuzidiwa. Akasema mnyama akiona mti anasogea kujikuna, kwa hiyo kitako cha mti kinamfanya mwindaji akanyagwe. Hosea akajibu kwamba kukanyagwa na mnyama aliyejileta mwenyewe ni bahati, siyo ajali. Profesa akaongeza kwamba plastiki inavuta mawimbi ya simu, na wanyama wa siku hizi, kwa minara hii iliyojaa, wanayahisi kwenye pembe.

— Mwenye mali aseme! Miraji aligeuka, simu mkononi. Alute, mti au plastiki? Shemeji hawezi kungoja.

Shingo ya Alute ililoa jasho.

— Yoyote tu, alisema. Nyinyi amueni.

Ni hapo alipofika Peniel, kijana wa Kinyiramba anayeuza alizeti, akakaa kwenye ndoo. Aliwaamkia wote shikamoo, akapokea kikombe, akasikiliza kidogo. Alute ni Mnyaturu, kwa hiyo wawili hao ni watani, na mtani haulizi kwa kuzunguka.

— Samahani wazee. Hiyo bunduki mnayoichagulia kitako, huyu mtani wangu bado anataka kuwinda?

Hosea akamtazama Profesa, Profesa akatazama birika. Muda wote ule hakuna hata mmoja aliyemuuliza hilo.

— Hapana, Alute alisema, neno likimtoka lenyewe. Sitaki tena.

Akaweka kikombe chake chini.

— Mwaka jana, vichaka vya Itigi, alisema taratibu. Mnajua kulivyo, huoni hatua tano. Majani yakatikisika. Nikaona kitu cha kahawia, nikasema tandala huyu. Nikavuta. Risasi ikagoma. Kabla sijavuta tena akatoka mtu. Kijana mrina asali, kavaa koti la kahawia, ndoo mkononi. Akaniona mzee tu niliye porini kama yeye, akaniamkia shikamoo.

— Ukafanyaje? Miraji aliuliza, sauti imeshuka.

— Nikaitikia marahaba. Akanimegea sega. Nikala. Alipoondoka nikaipigiza bunduki kwenye jiwe.

Jenifa alisimama na birika mkononi, hamimini.

— Lakini yupo? Peniel aliuliza. Yuko hai?

— Yuko hai.

— Basi, mtani. Yuko hai.

Neno hilo Alute alikuwa amelijua mwaka mzima, lakini hakuwahi kuambiwa na mtu. Machozi yakamtoka palepale mbele ya watu na hakuona aibu. Miraji akaitia simu mfukoni. Hosea akasema kwa ukali, kama mtu aliyetukanwa, kwamba paja la swala la nini, mbuzi si wapo, na akitokea mtu wa kumdai Alute nyama aanze kwanza na yeye.

Alute akatoa simu yake, akampigia mkewe hapohapo.

— Mama Anastasia, Jumatatu twende wote polisi. Naisalimisha bunduki. Siwindi tena.

— Ahsante Mungu, alisema Marietha, mkewe. Mwaka mzima unaitikia marahaba usingizini, baba. Nami nalala macho, najiuliza ni nani huyo anayekuamkia.

— Kijana mmoja wa Itigi, Alute alisema, akipangusa uso kwa kiganja. Mzima wa afya kabisa.