Mwalimu Lidwina Aweka Upinde Chini

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Paroko, Shehe wetu, Mheshimiwa Diwani, wazazi, wanafunzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mwalimu Lidwina Ndunguru, uliyekaa hapo mbele ukijifanya sherehe hii ni ya mtu mwingine: Tumsifu Yesu Kristo! Asalaam alaykum! Wazee wangu, shikamooni. Nikisema Tumsifu sijitaji jina langu, namsifu Bwana, ingawa wanaonijua wanasema naweza kufanya yote mawili kwa pumzi moja.

Kama mkuu wa shule hii ya muziki, nimeonywa nisizungumze sana. Aliyenionya ni Mwalimu Lidwina, na kwa kuwa anastaafu leo, sioni sababu ya kumtii.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza, selo ni ile fidla kubwa ambayo mpigaji huibana kwa magoti kama anayekamua ng'ombe, akizisugua nyuzi zake kwa fimbo iitwayo upinde. Binti wa wakulima wa kahawa wa Mbinga aliijuaje? Kwa adhabu! Shuleni kwao misheni alikuwa msemaji mno darasani, akaamriwa adeki chumba cha muziki. Humo alimkuta mtawa mmoja mzee akipiga selo peke yake. Mtawa akamwambia, "Weka dekio, kaa hapa." Tangu siku ile Lidwina aliongea darasani makusudi, ili aadhibiwe tena.

Mtawa huyo ndiye aliyemtafutia nafasi ya masomo Ujerumani. Siku ya kwanza profesa akamkemea: "Binti, umeshika upinde kama mpini wa jembe!" Akajibu, "Profesa, jembe tumezoeana. Huu upinde ndio kwanza tunasalimiana." Walisalimiana vizuri, maana alihitimu, akaajiriwa kwenye okestra, akapiga katika kumbi ambazo mtu akikohoa anatazamwa kama mwizi. Usiku mmoja, akiwa peke yake mbele ya ukumbi uliojaa, uzi ukakatika. Hakusimama. Aliupeleka wimbo kwenye nyuzi zilizobaki mpaka mwisho. Kiongozi wa okestra akamuuliza, "Kwa nini hukusimama ubadilishe?" Akasema, "Kwetu mchezaji akichomokwa na kiatu, ngoma haisimami."

Sasa jiulizeni, mtu wa namna hiyo alirudi Songea kufanya nini? Alikuja likizo kumuuguza mama yake. Mama akapona, likizo ikaisha, naye akawa ameshaanza kufundisha watoto wa jirani. Okestra ikampigia simu: unarudi lini? Akawajibu kwamba ana wanafunzi wasioweza bado kukaza uzi, hawezi kuwaacha njiani. Ndugu zangu, mpaka leo yuko njiani nao.

Nanyi mnamjua Mzee Twaha, mnunuzi wa vito wa Tunduru, yule pale mwenye kofia nzuri. Miaka mingi iliyopita alimleta binti yake Somoe asome sekondari hapa mjini. Aliposikia binti anashinda kwenye selo, alipanda basi, akaingia darasani bila kubisha hodi.

"Mwalimu, nimekuja kumchukua mwanangu. Sikumleta Songea kukumbatia gitaa lenye kitambi!"

Mwalimu akamwamkia vizuri, akamvutia kiti. "Mzee wangu, kabla hujamchukua, mwonyeshe kwamba ni kazi ya kijinga. Piga wewe."

Akapiga. Sauti iliyotoka, kwa heshima zote, ilikuwa ya ndama aliyekanyagwa. Mzee akaudhika, akarudia. Somoe akamrekebisha kiwiko, baba mtu akarudia tena. Kufika alasiri alitoa sauti moja iliyonyooka, akaitazama selo kama anavyotazama jiwe lililosafishwa. Basi la Tunduru lilikuwa limeshaondoka. "Mwache mtoto asome," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na mimi darasa langu lini?"

Lakini si yote yalikuwa ya kuchekesha. Mwaka jana baridi yabisi iliingia kwenye vidole vya mkono wa kushoto wa Mwalimu Lidwina, ule unaobana nyuzi. Hakutuambia. Tukiwa kwenye mazoezi ya mahafali, katikati ya wimbo, mkono ukagoma. Alijaribu tena, ukagoma. Akainuka, akampa Somoe selo yake, akasema, "Malizia." Somoe alimalizia huku machozi yanamtiririka, na mwalimu wake akamkemea, "Usiililie mbao, itavimba!" Tukacheka, kisha tukatoka nje mmoja mmoja kufuta macho. Kuanzia Jumatatu, Somoe ndiye mwalimu wetu wa selo.

Basi mnadhani Mwalimu Lidwina anakwenda kupumzika? Juzi alinijia ofisini, akakaa upande wa waombaji. "Madam Tumsifu, nataka nafasi ya mwanafunzi. Darasa la tarumbeta la Mwalimu Hironimus. Tarumbeta hubonyezwa kwa mkono wa kulia, na wangu ni mzima. Pumzi pia ninayo."

Nimempokea. Ataanza na watoto wa darasa la tatu, na atafanya mazoezi nyumbani kila alfajiri. Ndugu majirani zake wa Mfaranyaki, kwa niaba ya shule, nawaomba radhi mapema.

Mwalimu, tunakushukuru kwa moyo wote. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu, yatunzeni, mtayahitaji.