Mwanamke wa Chini ya Tanuri

Kama hutaki kuamini, acha, Sabatino alishazoea. Kwenye benchi la mbele ya mkahawa wa Titina, pale mlima Vesuvio unapochungulia kati ya nguo zilizoanikwa, maneno yake yalichujwa kwanza kama kahawa, na kilichobaki hakikujaza kijiko. Asubuhi hiyo alikuja na udongo mpaka kwenye nyusi. Kulia kwake alikaa don Aniello kinyozi, aliyeitwa Profesa kwa sababu aliwahi kumnyoa mmoja. Kushoto alikaa mjomba wake Vicienzo, fundi wa lipu, ambaye hajawahi kuuacha ukuta bila kubonyeza gumba lake kwenye lipu mbichi, pembe ya chini kushoto, kama baba yake alivyomfundisha. Mjomba alikuwa akisubiri lori la zege, limwage sakafu ya jiko la pizza la bintiye, Filomena.

— Nimeona mwanamke, Sabatino akaanza. Uani kwa mjomba, ndani ya shimo la tanuri ninalomchimbia Filomena. Kuna ukuta wa zamani, naye amechorwa ukutani, kwenye wekundu mbichi kama nyanya ya leo. Anatazama hivi, kwa pembeni.

— Wanawake wote wanakutazama kwa pembeni, Profesa akasema. Wakikutazama usoni utaanza kuongea.

— Ana hereni, Profesa. Hereni inang'aa. Nikaizima taa, nikaiwasha upande wa pili, ule mng'ao haukuhama. Kuna mtu aliupaka kwa brashi.

Profesa akaweka kikombe chini taratibu.

— Basi huyo mke wa nahodha wa Kirumi. Anaangalia kama meli ya mumewe inarudi.

— Meli gani, Sabatino akauliza, na bahari iko kule?

— Zamani bahari ilifika hapo kwenye duka la viatu. Tena si mke, ni kimada; mke hapambwi hivyo. Na nyuma ya ukuta huo kuna ukumbi, nyuma ya ukumbi kuna bwawa, na mtaa wetu wote umelala juu ya nyumba yake. Miaka yote hii nanyoa watu juu ya kitanda chake.

— Ndiyo maana wateja wako wanasinzia.

— Hata awe malkia, mjomba akakata. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe ameshalipata, mjomba. Lilisimama upana wa kidole kutoka shavuni.

— Sikiliza, we mtoto, mjomba akasema, sauti chini. Wakubwa wa mambo ya kale wakisikia, watazungushia kamba, na Filomena atawasha tanuri akiwa bibi kizee. Hapa kwetu ukimkuta Mrumi, unamfunika kabla ya chakula cha mchana. Baba yangu alifanya hivyo. Zege halimuumi. Atalala.

— Amelala miaka elfu mbili, mjomba. Ameamka leo.

Lori likakunja kona, tumbo lake likizunguka. Dereva, mgeni wa mtaa huo, akashuka, akainywa kahawa yake kwa mkupuo, amesimama.

— Habari zenu wakubwa. Zege halingoji. Nimwage wapi?

Profesa akachungulia kikombe chake kitupu. Titina akafuta meza aliyokwisha kuifuta.

Sabatino akajikung'uta udongo mikononi. Alipozungumza, ilibidi wamsogelee wamsikie, jambo ambalo halijapata kutokea benchini hapo.

— Mjomba, kuna kipande nilikiacha. Mnapenda kunicheka, na hiki sikutaka kichekwe. Chini yake, pembe ya kushoto, kuna gumba limebonyezwa kwenye lipu. Mistari yake yote ipo. Nikatia langu humo. Likapwaya, mjomba. Yule fundi wa zamani zile alikuwa na mkono kama wako.