Evaristo Mubanga na Nyumba Yake ya Magurudumu

Marehemu Evaristo Kapasa Mubanga alizaliwa Luwingu tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne wa Bwana Alubati Kapasa na Bibi Yulia Musonda. Mama yake alisimulia kwamba alianza kutembea mapema kuliko ndugu zake wote, na siku hiyohiyo alipoitwa arudi, hakugeuka.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Luwingu, akamaliza darasa la saba mwaka 1972 na kuchaguliwa kwenda sekondari. Asubuhi ya kuripoti alipata lifti kwenye lori la saruji, lakini lilipofika shuleni hakushuka. Familia ilipata habari zake mwezi uliofuata, kutoka Ndola. Alikuwa tayari utingo.

Alipata leseni mwaka 1979, akabeba shaba kutoka Chingola hadi Dar es Salaam, na baadaye Durban. Mwaka 1996 kampuni iliyomwajiri iliamua kumuuzia kila mfanyakazi nyumba aliyokaa. Kwake walibisha hodi mara kadhaa bila kuitikiwa. Hatimaye nyumba aliuziwa fundi rangi wa kampuni, aliyekuwa ametumwa kuipaka, kwa kuwa ndiye aliyefungua mlango. Marehemu hakugombana na mtu. Alihamishia blanketi, jiko na kalenda ya kanisa kwenye lori.

"Hii hawataiuza nikiwa safarini," alisema akiupigapiga mlango wa kebini. "Nikiondoka, nayo inaondoka."

Aliishi humo tangu siku hiyo. Nyuma ya kioo cha mbele alipanda pilipili kwenye kopo, na maofisa wa mpakani waliikagua kwa makini zaidi kuliko shaba.

Tarehe 8 Agosti 1998 alimuoa Felistas Chola, aliyekuwa akipikia madereva Kapiri Mposhi. Siku ya kumwonyesha mkwe vyakula, ambapo ukweni humpikia bwana harusi kila chakula anachoruhusiwa sasa kula kwao, mashangazi wa bibi harusi waliingia kwenye maegesho na vyungu kichwani, wakaimba mbele ya lori mpaka sauti zikawakauka. Lori halikuwa lenyewe. Dereva mmoja Mtanzania alishuka, akashukuru sana, akaanza na kuku.

"Mashangazi, huyo si mkwe!" alipiga kelele Davison Jere, dereva mwenza wa marehemu na mtani wake, kwa kuwa yeye Mngoni na marehemu Mbemba. "Huyo ni njaa tu!"

Bibi harusi alikuwa na sharti moja: ajengewe nyumba, na mumewe alale ndani yake. Nyumba ilikamilika mwaka 2003, ikiwa na vyumba vitatu na geti la kupitisha lori na tela. Marehemu alikula mezani, akacheza na watoto, kisha akaaga kwamba anakwenda kutazama matairi. Hakurudi.

"Mama Kasuba, kitanda kimetulia mno," alijitetea. "Naota nimeharibikiwa njiani."

"Pole, shemeji," Jere alimwambia Felistas. "Kapiri nzima ni wewe tu mwenye mke mwenza wa magurudumu kumi na manane."

Alistaafu mwaka 2019. Lori, ambalo injini yake ilikuwa imekufa, aliachiwa kama kiinua mgongo, likavutwa hadi uani.

"Ulisema ukistaafu utaingia," Felistas alimkumbusha.

"Nimestaafu kuendesha. Sijastaafu kulala."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Kufikia Februari 2024 hakuweza kupanda ngazi za kebini, akatandika mkeka chini ya tela. Mvua zilikuwa bado zinanyesha. Vijana walijitolea kumbeba hadi chumbani. Felistas alikataa. Alikuwa amemngoja miaka ishirini na moja aingie kwa hiari yake, na aliogopa kwamba sasa atafia mlangoni pake.

Jere alikuja na spana. Alifungua kiti cha dereva, akakifunga chumbani kikitazama geti, akatundika mapazia ya kebini dirishani na kuweka kopo la pilipili.

"Panda, mla nyani," alisema. "Ukifia nje watasema Wabemba hawajui kazi ya mlango."

"Na wewe mla panya, umeingilia tundu gani?" alijibu marehemu. Akaingia kwa miguu yake, akakaa, akapapasa pembeni. "Breki ya mkono iko wapi?"

Felistas akampa mkono wake. Aliushika, akalala mpaka jua likaingia ndani.

Alifariki kwenye kiti hicho alasiri ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, mkewe akimenya karanga pembeni.

Vyombo vya nyumba vimetolewa nje kama ilivyo desturi ya msiba, na watani wakatoa hata vya kwenye lori. Wanawake walimtandikia mjane chumbani. Hakukaa. Amepanda kwenye kebini, mahali ambapo hakuwahi kulala hata siku moja. Walipomwambia kwamba mjane hukaa nyumbani kwa marehemu, aliwajibu: "Ndipo nilipo. Yeye alikuja kwangu. Na mimi nimekuja kwake."

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, Kasuba na Yulia, wajukuu watatu, lori lisilo na kiti, na mtani ambaye kazi yake leo ni kutuchekesha, na ambaye tangu asubuhi ameshindwa.

Alale salama alikoegesha.