Mguu Uliosimama Wima Mbele ya Tume

Sévère Niyongabo alipokuja kuposa mwaka 1996, Michée, mfanyabiashara wa Kalundu na kaka wa bibi harusi Keza, alitaja ng'ombe sita akitegemea kubembelezwa mpaka wanne. Sévère akasema, "Sawa, shemeji." Akaleta sita. Michée alikereka: mtu asiyebishana utamfanyia nini?

Marehemu alizaliwa Luberizi tarehe 14 Agosti 1971, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha akalima mpunga Bwegera. Aliingia jeshini mwaka 1999. Tarehe 3 Juni 2013 bomu la kutegwa lilimvunjavunja mguu wa kushoto. Dosye yake, yaani faili la kuomba pensheni ya ulemavu, ilipokelewa tarehe 12 Mei 2014, akapewa risiti yenye muhuri.

Tume ya madaktari ilimwita mwaka 2019. Miaka mitano! Sévère akaacha gongo lake la kutembelea mlangoni, maana kwake mwenye cheo hasalimiwi kwa kuegemea fimbo. Akasimama wima, akapiga saluti, jasho likimchuruzika kwa maumivu. Daktari akaandika: "Anasimama vizuri. Ulemavu asilimia ishirini."

"Weye!" Michée alifoka. "Anayeficha kilema ni muuza ng'ombe. Weye ulienda kuuza nini?"

"Daktari alikuwa koloneli, shemeji."

"Koloneli iko na miguu mbili!"

Wakakata rufaa. Michée alipeleka picha za mfupa, mashahidi wawili, na ile risiti, ambayo Keza aliitunza ndani ya kadi ya ubatizo. Alidai mambo mawili: asilimia sitini, na pensheni ihesabiwe tangu siku ya muhuri. Alirudishwa mara kumi na moja.

"Papa, dosye iko kwa sinyatire," karani alisema.

"Tangu Pasaka? Huyo mukubwa iko anasaini na mguu?"

Kidonda cha mguu ule, ambacho hakikuwahi kupona kabisa, kilioza tena. Sévère alifariki hapa Uvira tarehe 7 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Keza.

Jibu limefika jana: asilimia sitini, kuanzia tarehe 9 Machi 2024. Yaani kwa ofisi ile, Sévère alianza kuwa mlemavu siku mbili baada ya kufa. Wao wamebaki na miaka yake kumi ya pensheni. Yeye amepata namba kwenye karatasi. Michée ameishi kwa kupunguza bei, lakini hapa hatapunguza hata siku moja. Risiti iko mfukoni mwake, na rufaa ya pili inaondoka Jumatatu.

Marehemu ameacha mjane, Keza. Watoto watatu, Spès, Emery na Domitille. Na wajukuu wanne.

Sévère, leo hakuna wa kumpigia saluti. Lala, uupumzishe mguu wako kwa amani.