Mwalimu Aliyemtoa Mtani Kaburini

Wazee shikamooni, na ndugu zangu wa kikundi cha kusoma, mnivumilie. Mwandiko wangu ni mbaya na herufi nyingine nimezikosea, maana niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Nitausoma mwenyewe, polepole.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka ya Kintinku yakajaa sabuni na mitumba, alikuja mwalimu mgeni kutoka Ulaya. Kwao alifundisha fasihi chuo kikuu. Kwetu aliomba chumba cha kanisa, akafungua darasa la hadithi kwa yeyote anayejua kusoma.

Siku ya pili alinisimamisha. "Wewe umeionaje hadithi hii?"

Nawaambieni, miaka saba ya shule hakuna aliyewahi kuniuliza nimeonaje kitu. Nilitetemeka mpaka wenzangu wakacheka. Nikatoka, sikurudi. Miezi mitano nilijificha na ng'ombe wa baba. Nikiona mtu njiani nilikata porini nisisalimiane naye. Hata ibada niliacha. Ila siku za darasa niliwasogeza ng'ombe karibu na dirisha, nisikie hadithi imeishia wapi.

Ndipo babu yangu akafariki. Sisi ni Wagogo, watani wetu ni Wanyamwezi. Jeneza lilipofika makaburini, rafiki yake babu, Mnyamwezi, akaruka kaburini na kujilaza.

"Mgogo huyu kaninyima maziwa miaka yote! Hatalala hapa mpaka nipewe jogoo!"

Watu wakaanza kucheka katikati ya machozi. Lakini mwalimu, aliyekuja kutufariji, akamshika mzee yule shati na kumvuta. "Toka! Huna huruma na wafiwa?"

Mzee akatoka, akajifuta udongo. Tukazika kimya. Jioni bibi alisema, "Mume wangu amezikwa kama mtu asiye na watani." Tangu hapo hakula vizuri.

Darasa likaisha watu. Hakuna aliyemwambia mwalimu sababu, maana mgeni hakaripiwi. Juma la tatu nikasikia anafunga mizigo apande treni.

Ndugu zangu, siku ile nilizunguka nyumba yake mara nne. Mara ya tano nikabisha hodi. Nikamweleza yote huku nikitazama miguu yangu. Alikaa juu ya sanduku.

"Kwa hiyo alikuwa anawafariji?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na akifiwa yeye?"

"Sisi ndio tunakwenda kumsumbua."

Akauliza mengi, mpaka na mimi nikathubutu. "Kwenu mkifiwa, nani anawachekesha?"

"Hakuna. Baba yangu alipokufa tulikaa kimya wiki nzima."

Kesho yake tulikwenda kwa bibi, mwalimu kakumbatia jogoo, na mzee Mnyamwezi kaitwa. Mwalimu alipiga magoti, akaomba radhi. Mzee akamgeuza jogoo huku na huku.

"Mmoja tu? Na shati langu ulilolivuta? Ongeza tetea! Na wewe bibi kizee, ulimwacha mgeni anionee kwa sababu mumeo alikuwa ananiogopa!"

"Akuogope wewe, mla panya?" bibi akajibu, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaomba uji.

Mwalimu hakupanda treni. Darasa lilipojaa tena, alinipa chaki niwafundishe utani wa msibani, yeye akaketi kwenye benchi. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka.

Namshukuru Mungu, bibi, mzee yule, na mwalimu aliyekubali kufundishwa. Ninalowaachia ni hili: usilolielewa kwa watu, uliza kabla hujamvuta mtu shati. Na anayeulizwa asikimbie.

Karatasi hii nitaibandika mlangoni. Wenye watani niliowasahau, na wanaozika kwa namna nyingine, niandikieni hapo chini. Hata kwa mwandiko mbaya, nitasoma.